"Usisimame Usiku": Halafu Nini?

Na Frateri wa Jimbo Katoliki la Mbulu, Falsafa mwaka wa pili



Ndugu msomaji, ukisikia "usalama barabarani" mawazo yanakwenda kwenye ajali: mwendo kasi, ulevi, matairi yaliyokwisha. Hayo yameandikwa sana na yaendelee kuandikwa. Mimi leo naomba nizungumzie jambo ambalo madereva wa kwetu wanalijadili kila jioni vijiweni, lakini silisikii sana kwenye mahubiri: mtu anayeendesha chombo usiku huku akimwogopa binadamu mwenzake. Nina sababu ya kulizungumzia. Kuna usiku mmoja ambao bado unanisumbua.

Juni mwaka jana nilikuwa likizo nyumbani Endagikot, pembeni ya mji wa Mbulu. Kaka yangu anaendesha bodaboda. Siku hiyo aliniachia pikipiki nikamwone shangazi Dongobesh, kwa masharti mawili: nijaze mafuta, na jua likizama niwe nimefika. Mafuta nilijaza. Sharti la pili lilinishinda, kwa sababu tairi la nyuma lilipata pancha, na fundi niliyempata alikuwa na wateja watatu mbele yangu. Nilianza kurudi giza limeshaingia. Wanaoijua baridi ya Mbulu mwezi wa sita wanaujua na ukungu wake. Taa ya pikipiki inakuwa kama inamulika ukuta.

Karibu na karavati moja, kwenye mteremko, niliona mtu amelala, nusu barabarani nusu kwenye majani. Aliinua mkono. Au nilidhani ameuinua. Hatua chache mbele yake, penye mikaratusi, palikuwa na kitu cheusi kimesimama. Mpaka leo siwezi kuapa kama kilikuwa mtu au kisiki. Sikufikiri. Nilivuta mafuta nikapita, nikaendelea kuvuta mpaka nilipoona taa za mjini.

Nyumbani nilimsimulia kaka. Akanishika bega. "Hapo umefanya la maana, Frateri. Ungesimama, saa hizi tungekuwa tunakutafuta." Mama akasema tu, "Mungu mkubwa." Tukala, tukasali rozari, tukalala. Nami nililala usingizi mzito kabisa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kaka hakusema vile kwa ukatili. Mwenzake mmoja wa kijiweni alichukuliwa jioni na abiria aliyevaa vizuri, mwenye maneno mazuri, aliyetaja kijiji cha mbali na hakubishana bei. (Madereva wenye uzoefu watakuambia kuwa abiria asiyebishana bei usiku ni wa kutazamwa mara mbili.) Njiani abiria akasema anataka kujisaidia. Pikipiki iliposimama, mwingine akatokea na nondo. Yule kijana alipona, mkono wake haukunyooka tena sawasawa, na pikipiki haikuonekana. Ilikuwa ya mkataba. Mwenye pikipiki alisikitika, akampelekea pole na sukari, na baada ya wiki mbili akauliza habari ya hesabu yake.

Mbinu hii inajulikana nchi nzima. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipozitambua pikipiki kuwa usafiri wa abiria, vijana wengi wa vijijini wamepata kazi, na wezi nao wamepata windo: kijana mmoja, peke yake, gizani, juu ya mali inayouzika haraka. Kwa wenye magari mbinu ni nyingine. Mawe au gogo vinapangwa barabarani. Mtu anakupungia mkono akionyesha tairi lako kana kwamba lina hitilafu. Mwanamke anasimama na kichanga mkononi huku wenzake wamejificha. Au mtu amelala katikati ya njia.

Kwa hiyo yamezaliwa maneno ambayo kila dereva anayajua: usiku usisimame. Ukiona mawe, usishuke kuyaondoa. Geuza au rudi kinyumenyume. Ukiambiwa tairi lina shida, endelea polepole mpaka penye watu na taa. Milango iwe imefungwa. Mafuta yasiwe ya kubahatisha. Usimtangazie kila mtu safari yako, lakini mtu mmoja unayemwamini ajue umetoka saa ngapi na unapita wapi. Na wakishakushika wana silaha, wape chombo, wape simu, wape na viatu, uokoe uhai. Sina ugomvi na ushauri huu hata kidogo. Wapo watu wanaoutazama kwa jicho la kiroho kupita kiasi na kusema, "Mimi namtegemea Mungu." Nao namtaka kila mmoja asome tena jinsi Bwana alivyomjibu Ibilisi juu ya kinara cha hekalu. Rozari inayoning'inia kwenye kioo cha gari ni sala. Haijawahi kuwa kufuli.

Darasani tumejifunza kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino anaihesabu tahadhari kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Nilifurahi sana kulisoma hilo, kwa sababu za kwangu mwenyewe. Nikasema, basi, hata Thoma angevuta mafuta. Lakini ukiendelea na mafundisho hayohayo unakuta anaeleza pia kwamba kuna vitu vinavyofanana na busara navyo sivyo, na kimojawapo ni ile akili ya kuutunza mwili kana kwamba ndio mwisho wa kila kitu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1806, nayo inatuonya tusiichanganye busara na woga. Sasa mtu atajuaje? Niliendesha kwa busara au kwa woga? Kwa macho ni kitu kilekile: pikipiki imepita, haikusimama.

Asubuhi yake nilimwomba kaka turudi pale. Alinung'unika kwamba anapoteza wateja, akaja. Hatukukuta mtu. Tulikuta majani yaliyolala na kandambili moja ya bluu. Inaweza kuwa ya mgonjwa, ya mlevi, ya mtego, au iliyoanguka kwenye mzigo wa mtu wiki moja kabla. Kama hatua mia mbili kutoka barabarani kuna nyumba. Usiku sikuiona, maana haikuwa na taa. Tukaenda kubisha hodi.

Alitoka mama mmoja wa makamo. Kaka akamwamkia, akamweleza shida yetu. Mama akatutazama kwa muda, akasema alisikia sauti ya mtu mapema usiku ule, kama anaita au kama anaimba, hakuweza kupambanua. Mume hayupo, watoto wadogo, akaogopa kufungua. Kisha akasikia pikipiki inapita, "inakimbia kama inafukuzwa." Nikamwambia, "Ile pikipiki ilikuwa mimi, mama." Akacheka kidogo. "Sasa mwanangu, kwa nini hukupiga honi? Ungepiga honi hapo kwenye njia ya kuingilia, tungetoka." Kaka akamuuliza kama kweli wangetoka. Akafikiri. "Sijui. Lakini ungepiga."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa wapi, na silo nililolidhania usiku kucha wa siku zilizofuata. Kutosimama, peke yangu, gizani, na kile kivuli penye miti, sidhani kama lilikuwa kosa. Kosa ni kwamba baada ya pale sikufanya kitu kingine chochote. Sikupiga honi kwenye nyumba. Nilikuwa na simu yenye chaji na sikupiga 112. Mjini nilipita mbele ya kijiwe chenye madereva sita au saba. Watu saba wenye pikipiki saba na taa saba wangeweza kurudi nami pale bila hofu kubwa, na kama ulikuwa mtego, ungetawanyika wenyewe. Sikuwaambia. Nilikwenda kula. Tahadhari ilinivusha salama penye hatari. Baada ya hatari kwisha, kilichobaki hakikuwa tahadhari tena.

Nadhani tumeuacha ushauri wetu nusu. Tunasema "usisimame" tunaweka nukta. Vijana wanaupokea hivyo, na taratibu unageuka kuwa kitu kingine kabisa: si kwamba usisimame peke yako, bali kwamba yule aliyelala hakuhusu. Nimewasikia wenye magari wakisimulia kwa kujivuna kabisa jinsi walivyompita mtu anayetapakaa damu. Na wana sababu zao, tusizidharau. Anayempeleka majeruhi hospitali anajua ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi, na pengine yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuulizwa maswali, akapoteza usiku wake na siku inayofuata.

Mfano wa Msamaria Mwema, Luka 10, tumeusikia tangu utotoni, na nakiri kwamba nilikuwa nimewahukumu Kuhani na Mlawi kirahisi mno. Njia ile ya Yerusalemu kwenda Yeriko ilikuwa ya kutisha kwelikweli. Yerusalemu iko juu milimani, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko bondeni, chini ya usawa wa bahari, na kati yake hakuna hata kilomita 30. Sisi wa Mbulu tunaweza kuielewa bila picha: ni kama kuteremka mlima wa Magara kwenda bonde la Manyara, kona juu ya kona, wala huoni kilicho mbele. Mtakatifu Yeronimo, aliyeishi Bethlehemu na kuyajua maeneo yale, ameandika kwamba sehemu moja ya njia hiyo ilihusishwa na damu kwa sababu ya wanyang'anyi. Martin Luther King naye, katika hotuba yake ya mwisho kule Memphis tarehe 3 Aprili 1968, siku moja kabla ya kuuawa, alisimulia kwamba aliwahi kuipita njia hiyo kwa gari pamoja na mkewe. Alipoziona kona zake aliwaelewa Kuhani na Mlawi: huenda waliogopa kwamba wanyang'anyi bado wako karibu, au kwamba yule aliyelala alikuwa anajifanya tu. Yaani mchungaji wa Marekani alikuwa ameshaiona karavati yangu miaka mingi kabla sijazaliwa. Na yeye akaona kwamba Msamaria aliligeuza swali. Badala ya kujiuliza litakalompata yeye akisimama, akajiuliza litakalompata mwenzake asiposimama.

Lakini kuna sehemu ya mfano ambayo hatuihubiri sana, nayo ndiyo iliyonisaidia. Msamaria hakulimaliza jambo peke yake. Alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akatoa dinari mbili, akaahidi kurudi. Palikuwa na nyumba njiani, palikuwa na mtu aliyefungua mlango. Bila mlango ule, Msamaria angebaki barabarani na mtu wake juu ya punda mpaka usiku uwakute wote wawili. Ule mlango kwangu mimi ni nusu ya mfano.

Wazee wetu waliujua umuhimu wake. Wairaqw wa Kainam walichimba nyumba zao ndani ya kilima ili wavamizi waliokuja kuchukua ng'ombe wasizione. Walikuwa na tahadhari kuliko sisi wote. Lakini babu alitusimulia kwamba yowe likipigwa, hata usiku wa manane, kila mwanamume alitoka na silaha yake, na aliyebaki ndani alikuwa na la kujibu kesho yake mbele ya wazee. Nyumba ilifichwa, sikio halikufichwa. Sisi leo nyumba tunazijenga wazi, zenye bati linalong'aa, na yowe hatuliitikii.

Tuangalie na historia ya karibuni ya nchi yetu. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali na kwa sababu ya utekaji. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2023 na mabasi yakaanza tena kukesha barabarani. Lakini katika miaka ya hatari kwenye mapori ya Biharamulo na Ngara kulikuwa na njia ya pili: magari yalisubiriana, yakakusanyika, yakapita kwa msafara yakisindikizwa na polisi. Njia ya kwanza inasema usisafiri. Ya pili inasema usisafiri peke yako. Kwa dereva wa bodaboda ya kwanza haiwezekani. Mgonjwa wa saa nane usiku hasubiri mapambazuko, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hawezi kuambiwa kuna zuio. Inabaki ya pili.

Sasa nigusie jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji, maana wengine ni wazazi wetu na wafadhili wetu wa miito. Ni lile la mkataba. Tunawaambia vijana, "Wakikushika, wape pikipiki." Ni ushauri mzuri kwa mwenye pikipiki yake. Kijana wa mkataba, mwenye miezi minane ya hesabu mbele yake, akiitoa pikipiki anarudi nyumbani na uhai wake na deni asiloweza kulilipa. Ndiyo maana anapigana. Anapambana na nondo kwa mikono mitupu kwa ajili ya mali ambayo bado si yake. Mwenye pikipiki amekata bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, kwa sababu inatakiwa na sheria na ni ya bei nafuu, nayo hailipi chombo kikiibwa. Bima kubwa inalipa, lakini ni ghali, kwa hiyo bima kubwa inakuwa ni mwili wa yule kijana. Wengine wamefunga kifaa cha kufuatilia pikipiki kwa simu. Kizuri. Ila kinaonyesha pikipiki ilipo, kijana alipo hakionyeshi.

Naamini mkataba unaomdai kijana pikipiki aliyonyang'anywa kwa silaha, akiwa ametoa taarifa polisi na ana ushahidi, si mkataba wa haki, hata kama ameusaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Haki ni fadhila ileile iliyo kwenye orodha moja na busara. Huwezi kumhubiria kijana busara ya kuachia chombo huku ukimwekea mkataba unaoifanya busara hiyo kuwa balaa. Nimelisema hili nyumbani na sikupendwa. Mjomba mmoja aliniuliza, je, kijana akishirikiana na wezi? Swali ni la haki pia, wapo waliofanya hivyo. Jibu langu ni kwamba wizi wa kuigiza uchunguzwe na mhusika ashitakiwe. Usiwe sababu ya kumtoza kila aliyepigwa.

Mwaka 2007, tarehe 19 Juni, Baraza la Kipapa lililoshughulikia uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake kuna amri kumi za dereva. Watu walizitania kidogo. Amri ya tatu inataja busara kwa yale yasiyotarajiwa, na ya nne, papo hapo, inaagiza upendo kwa mwenye shida barabarani, hasa aliyeumia. Waliozipanga hawakuona kwamba zinapingana. Natamani zingebandikwa vijiweni, kwa Kiswahili, juu ya lile turubai la kampuni ya simu.

Likizo ya Desemba nilikaa kijiweni na kaka siku kadhaa. Wameanza kitu kidogo. Kuna daftari linalokaa kwa muuza chai: dereva akichukua abiria baada ya saa moja usiku anaandika anakokwenda, saa, na namba ya simu ya abiria, na namba hiyo inapigwa palepale kuona kama inaita. Abiria waaminifu hawachukii; wengine wanafurahi kabisa. Jioni ya pili nikiwa pale alikuja mmoja akakataa kutoa namba, akaondoka kwa miguu akitukana. Hakuna aliyemkimbilia. Dereva akichelewa kurudi nusu saa zaidi ya makadirio, anapigiwa; asipopatikana wanatoka wawili. Mara mbili walitoka bure, wakamkuta mwenzao anakula nyama. Walimtoza soda za kijiwe kizima.

Kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaa wetu niliomba lizungumzwe la nyumba zilizo kandokando ya barabara: nani anaweza kupigiwa usiku, nani ana tochi, nani ana gari. Lilizungumzwa kwa dakika kumi, tukahamia kwenye michango ya harusi. Nitaliomba tena.

Yule mama wa karibu na karavati tulirudi kumsalimia, tukampelekea sukari na sabuni. Akatupa namba yake bila kuombwa mara mbili, na kaka akaisambaza kwa wenzake kijiweni. Amesema honi tatu fupi atajua ni sisi, atawasha taa, na atampigia jirani yake wa juu mwenye mbwa. Namba yake ninayo kwenye simu yangu. Jina lake nalijua, ila nimemwandika "Mama Karavati", ili usiku nikiwa natetemeka niipate haraka.